Lebo ya asali kutoka simu ya mteja mpaka shelfuni: mwongozo kamili kwa dizaina anayeanza

Watu wanadhani kazi ya dizaina ni kukaa kwenye laptop kuchora vitu vizuri, halafu mtu anajifunza programu ya kuchorea ya Illustrator miezi mitatu YouTube, anapata mteja wa kwanza, kazi inaharibikia mahali ambapo hajawahi hata kufikiria, mfano lebo ni ndefu kuliko chupa, au rangi imetoka kama matope, au mteja kapotea na hela yake. Sasa hapa nitachukua kazi moja tu tuifuate toka mwanzo mpaka mwisho, lebo ya asali ya Tabora ya chupa ya kioo ya gramu 500, kwa sababu lebo ina kila kitu ndani yake, maandishi, rangi, vipimo, sheria, na fundi wa kuprinti wa Kariakoo ambaye hana muda na wewe. Ukiiweza lebo, bango na kadi za harusi utaona mteremko.

Na nikwambie mapema, nusu ya kazi hii inafanyika kabla hujafungua kompyuta.

Hatua ya 1: uliza mpaka uonekane msumbufu

Mteja akipiga simu atasema hivi: "Mwanangu we nitengenezee tu kitu kizuri, nakuamini." Usikubali. Jibu kwa heshima, "Sawa mama, ila naomba nikuulize maswali machache kwanza", halafu chukua daftari. Majibu yaje kwa maandishi, hata kama mmeongea kwa simu mwandikie WhatsApp baadae umwambie tumekubaliana hivi na hivi, akijibu "sawa" umeshapata ushahidi.

Maswali ya maana kwa asali ni haya. Ni asali ya nyuki wakubwa au nyuki wadogo? Hii sio swali dogo, ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu kidogo na bei yake iko juu, anayeinunua anaitafuta kwa jina, kwa hiyo lazima ionekane mbele kwa herufi kubwa. Inauzwa wapi, genge la mtaani, supamaketi, au duka la watalii pale airport? Chupa imeshanunuliwa au bado? Kama bado mwambie anunue kwanza akuletee moja, ya kushika mkononi, picha haitoshi. Ataprinti ngapi, 200 au 5,000? Kuna mtu mwingine nyumbani au kwenye kikundi mwenye kauli ya mwisho? Hili la mwisho watu wanalisahau, unamaliza kila kitu halafu anatokea mweka hazina wa kikundi ambaye hukuwahi kumsikia anasema rangi ya kijani haipendi.

Halafu muulize washindani wake ni akina nani, na uende dukani mwenyewe ukaangalie. Simama mbele ya shelfu ya asali, piga picha kama wanaruhusu. Utakuta karibu kila lebo ina rangi ya njano, ina sega la pembe sita, ina nyuki anacheka. Ukichora ya njano yenye sega na nyuki anayecheka utakuwa umeificha asali ya mteja wako katikati ya wenzake. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora mara nyingi ni ya rangi nzito, kahawia inayoelekea wekundu, na ndani ya kioo inapendeza yenyewe, mimi ningeiachia nafasi ionekane na lebo niifanye ndogo yenye rangi tulivu, krimu au nyeupe, maandishi meusi. Lakini hiyo ni mimi, we angalia shelfu yako.

Hatua ya 2: bei na makubaliano

Usitaje bei kwenye simu ya kwanza. Sema utamtumia kotesheni kesho, halafu kaa upige hesabu. Njia rahisi, jumlisha matumizi yako yote ya mwezi: kodi, chakula, bando, umeme, kulipia programu, kutunza laptop, na kitu cha kuweka akiba. Tuseme inakuja 900,000. Sasa masaa ambayo kweli unalipwa sio 8 kwa siku, maana kuna kufuata wateja, kujibu meseji, kwenda kwa fundi na kurudi. Tuseme ni masaa 80 kwa mwezi. Gawanya, unapata 11,250 kwa saa. Lebo hii ikikuchukua masaa 20 basi ni 225,000 na hapo bado hujapata faida, umejitosheleza tu. Mtu akikwambia mwenzako anafanya kwa 30,000 mwambie asante, amuachie mwenzako. Au kama unataka kumsaidia, punguza kazi na bei ishuke nayo, labda lebo ya mbele tu bila ya nyuma. Ukishusha bei ukiacha kazi ileile, umemfundisha kwamba bei yako ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Kwenye karatasi ya makubaliano, ukurasa mmoja unatosha, andika unampa nini, kwa tarehe gani, masahihisho mangapi (mimi naona mara 2 inatosha, ya 3 inalipiwa), advansi nusu kabla ya kuanza, na nusu iliyobaki kabla ya kukabidhi faili la kuprinti. Andika pia haki ya ile kazi ni ya nani akishamaliza kulipa, na kama faili la wazi, lile linaloweza kubadilishwa, limo kwenye bei au halimo. Kama mteja ana jina la biashara anataka kulilinda, mkumbushe mambo ya alama ya biashara, inasajiliwa kwa wakala wa serikali wa usajili wa biashara, Tanzania Bara ni BRELA na Zanzibar ni BPRA, na kusajili upande mmoja hakukulindi upande wa pili, watu wengi hawalijui hili wanakuja kushangaa Unguja.

Advansi ikiingia kwenye simu ndio kazi inaanza. Haijaingia, haijaanza, hata kama ni mjomba.

Hatua ya 3: kusanya maandishi YOTE kabla ya kuchora

Hapa ndio naomba utulie maana ndio sehemu wanayoiruka wengi. Dizaina anachora anaacha nafasi ya maneno "yatakuja baadae", yakija ni mara tatu ya nafasi aliyoacha. Na Kiswahili kinakula nafasi, ukichukua templeti ya mtandaoni utakuta imechorwa kwa maneno mafupimafupi, wewe unataka kuweka "Imezalishwa na kufungashwa na" na hapo jina la kikundi bado, mstari umeisha.

Kwa chakula kilichofungashwa kuna kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38, kinachosema nini lazima kiwepo. Kwa asali yetu andaa: jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi inakotoka, namba ya bachi (fungu lililofungashwa pamoja), tarehe ya kufungasha na ya mwisho wa matumizi, na jinsi ya kuhifadhi. Tarehe na bachi usiziprinti moja kwa moja kwenye lebo zote 1,000, acha kisanduku cheupe kisicho na lamineshen (utando wa plastiki wa juu) ili wagonge muhuri au waandike kila wanapofungasha.

Kuna mistari miwili ningependa kila lebo ya asali iwe nayo. Wa kwanza, asali kuganda ni kawaida, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Mteja wa mjini akiona imeganda anasema hii wamechanganya sukari, anairudisha dukani, mzalishaji anapata jina baya bure. Wa pili, usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru ila mtoto mchanga vinamletea sumu mwilini. Huu sio urembo, uweke usomeke.

Halafu mteja atakuletea orodha: inatibu vidonda vya tumbo, inaongeza nguvu za kiume, inaondoa kisukari. Kataa kwa upole. Chakula hakiruhusiwi kujitangaza kama dawa, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ambao toka 2019 ndio wanashughulika pia na usalama wa chakula wakikuta hayo mzigo wake utapata shida. Na alama ya TBS yenyewe usiiweke kwa sababu tu umeipata Google, inawekwa akishapewa leseni, kabla ya hapo acha nafasi yake tupu kwenye dizaini yenu ili ikija msianze upya.

Barkodi nayo. Supamaketi watahitaji. Namba zinatolewa na GS1, shirika la kimataifa la namba za barkodi, za Tanzania zinaanza na 620, za Kenya 616, na hiyo namba inaonyesha ilikotolewa namba, haisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Usitengeneze namba ya kubuni kwenye tovuti za bure maana inaweza kuwa ni ya biskuti za mtu, kaunta ikasoma bidhaa nyingine kabisa. Saizi ya kawaida ya EAN-13, ile barkodi ya dukani ya tarakimu 13, ni kama milimita 37 kwa 26 ukiweka na nafasi nyeupe za pembeni, unaweza kupunguza mpaka asilimia 80, chini ya hapo usijaribu. Mistari iwe myeusi juu ya weupe. Mistari myekundu haisomeki kabisa kwa sababu skana nyingi zinatumia mwanga mwekundu, kwake yeye nyekundu na nyeupe ni kitu kimoja. Na kwa chupa nyembamba geuza barkodi ilale, mistari ipandane kama ngazi, ili upana wa barkodi usizunguke na mviringo wa chupa.

Hatua ya 4: pima chupa

Hesabu ya shule ipo, kipenyo mara 3.14, chupa ya sentimita 7 inakupa mzunguko wa karibu 22. Ila usiamini hesabu peke yake, kata kipande cha karatasi, zungushia, weka alama kwa peni, pima kwa rula. Ukizungusha karatasi ukaona inapanda upande mmoja ujue chupa imenyooka juu kwa macho tu, kumbe chini ni nyembamba, na hapo lebo ya mstatili itakunjamana, inabidi lebo yenyewe ipinde kidogo. Pima pia sehemu iliyonyooka kwenda juu, toka pale bega linapoanza mpaka chini kabla ya mkunjo, lebo isiguse popote palipopinda.

Tuseme tumepata nafasi ya 20 kwa 6, tumeacha sentimita 2 nyuma asali ionekane. Sasa kabla hujaifanya kubwa zaidi fikiria karatasi ya fundi. Mafundi wengi wa mashine za dijitali wanatumia saizi ya SRA3, sentimita 32 kwa 45, toa pembeni ambapo mashine haiprinti inabaki kama 31 kwa 44. Lebo yako na ziada ya milimita 3 kila upande inakuwa 20.6 kwa 6.6, zinaingia 8 kwa karatasi. Ukisema aah niongeze urefu wa kwenda juu iwe 7.5, ukizipanga vilevile zinaingia 6. Kwa lebo 1,000 umetoka karatasi 125 umeenda 167 na mteja analipa kwa karatasi. Kwa sentimita moja na nusu! Hii hesabu fanya mbele ya mteja, ndio siku ataanza kukuita mtaalamu.

Hatua ya 5: penseli, halafu kompyuta

Chora vidogovidogo kwa penseli, visanduku ishirini hivi kwenye karatasi moja, kila kimoja kama kidole gumba, bila kufuta. Vya mwanzo vitakuwa vilevile vya nyuki na sega, viache vitoke vikuishe kichwani. Ukikwama usifungue Pinterest, fungua kabati la mama yako utoe kanga. Angalia ilivyopangwa, pindo linashika pande zote, mji katikati ndio unaoita macho, jina liko chini, na mtu akipita barabarani unaona mji kwanza halafu akikaribia ndio unasoma. Lebo inataka mpangilio huohuo, kitu kimoja kikubwa cha kuita, cha pili cha kueleza, vingine vyote vinyamaze. Ukiona kila kitu kinaita kwa wakati mmoja, jina kubwa, ASALI kubwa, "100% HALISI" ndani ya nyota nyekundu, anza kupunguza.

Kwenye kompyuta tumia unachokiweza. CorelDRAW, Illustrator, Affinity, Inkscape ambayo ni bure, zote zinafanya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika. Photoshop iachie picha. Canva sina ugomvi nayo, ila kwa kazi yenye vipimo vya kukata utateseka. Fonti, yaani mitindo ya herufi, mbili zinatosha, chukua zenye leseni huru kama za Google Fonts ili mteja asije kudaiwa. Andika neno lenye ng' uone kile kialama kinakaaje, fonti zingine kinaning'inia mbali kama kimesusa. Maandishi madogo yasishuke chini ya pointi 6, na kama ni meupe juu ya giza weka 7 au zaidi maana wino unayala.

Mpelekee mteja dizaini mbili, zikizidi sana tatu. Ukimpelekea sita atakwambia chukua kichwa cha hii na miguu ya ile. Na usimtumie picha tupu ya lebo, ivalishe kwenye chupa, na kila moja iandikie sentensi mbili kwa nini iko hivyo kwa kutumia majibu yake mwenyewe ya hatua ya 1.

Hatua ya 6: majaribio ya mkasi

Printi kwa printa yoyote ya stationery, karatasi ya A4, asilimia 100, angalia isiwe imepunguzwa ili ienee. Kata kwa mkasi, gundisha kwenye chupa yenye asali ndani. Iweke katikati ya chupa zingine, rudi nyuma hatua nne. Unasoma nini? Zungusha chupa, mbele unaona sehemu ndogo sana ya mzunguko, kama jina lako limeenea sentimita 12 utasoma katikati yake tu, herufi za mwanzo na mwisho zimekimbilia pembeni. Kwa chupa ya 7 jina lisizidi 6 hivi. Hili huwezi kuliona kwenye skrini hata ufanyeje.

Ifanye pia nyeusi na nyeupe tupu. Ikisimama bila rangi, rangi haitaiangusha.

Maoni ya mteja yakija, "sijui, haijanikaa", usibadilishe kitu. Muulize, "Mama, ukiishika unaona kama asali ya bei gani?" au "kipi unakiona kwanza?" Hapo ndio utajua shida ni nini, kwa sababu mteja akisema weka nyekundu mara nyingi anachomaanisha ni kwamba haionekani, na dawa yake inaweza kuwa ni kukuza jina tu.

Hatua ya 7: faili la kuprinti

Skrini ni mwanga, karatasi ni wino, kwa hiyo badilisha kwenda CMYK, yaani mfumo wa wino nne za kuprinti, samawati, magenta, njano na nyeusi (K), mapema uone rangi zinavyopoa. Kijani kile kikali na bluu ya umeme havitakuja, jiandae na umwandae mteja. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, K 100, zingine sifuri, ukiyaacha yachanganywe wino wa rangi nne na mashine ikitikisika kidogo yanatoka na kivuli. Picha ziwe pikseli 300 kwa inchi kwa saizi halisi, picha ya sentimita 10 inataka pikseli kama 1,181, ile ya kutoka WhatsApp imebanwa na ubora umepungua, iombe upya itumwe kama dokyumenti.

Ongeza milimita 3 za ziada kila upande rangi ivuke mstari wa kukata, na maandishi yakae ndani milimita 3 toka ukingo. Badilisha fonti kuwa michoro. Toa PDF, ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uisome neno kwa neno, halafu mpe mteja aisome, aandike "nimehakiki, printi". Namba ya simu ipige, kweli ipige, uone inapokelewa na nani.

Hatua ya 8: kwa fundi

Nenda mwenyewe, na chupa mkononi. Uliza stika ya karatasi au ya plastiki. Asali inachuruzika, karatasi itanyonya na kuchafuka ndani ya wiki, bora plastiki au karatasi yenye lamineshen. Kabla ya mzigo wote omba karatasi moja ya mfano, toka nayo nje uiangalie kwa mwanga wa jua maana taa za dukani zinadanganya, kata moja bandika, ipake asali kwa kidole, ifute. Jaribu barkodi kwa skana ya duka la jirani. Ikikubali ndio useme endelea, na ubaki hapohapo mpaka karatasi kumi za kwanza zitoke, fundi akikwambia "nenda tu bosi nitakupigia", mwambie unapenda kuangalia mashine.

Hela ya kuprinti mteja amlipe fundi moja kwa moja. Ikipita mikononi mwako unaonekana unakula juu, na mzigo ukiharibika unadaiwa wewe. Kama unasimamia, weka gharama ya usimamizi kwenye kotesheni yako, wazi kabisa.

Hatua ya 9: kukabidhi na kutunza

Nusu ya pili ikiingia, mpe folda moja: PDF ya kuprinti, PNG ya kupostia, logo ya vekta, na karatasi yenye namba za rangi na majina ya fonti ili mwakani dizaina mwingine asikisie. Kwako tunza nakala tatu, laptop, diski ya nje, na moja mtandaoni, maana umeme wetu unajulikana na laptop zinaibiwa kwenye daladala. Majina ya faili yawe na tarehe, asali_lebo_2025-03-14, utanishukuru siku mteja akirudi anataka "ile ya pili kabla ya mwisho".

Na atarudi. Uzito umebadilika, namba ya simu imebadilika, anataka na ya gramu 250. Marekebisho madogo yawe na bei yake inayojulikana toka siku ya makubaliano, usiyafanye bure kisha ukanuna. Hiyo ya 250 sio kupunguza saizi ya lebo ya kwanza, ni chupa nyingine, maandishi ya lazima ni yaleyale kwenye nafasi nusu, rudi hatua ya 4 na ule ukanda wa karatasi.